Pingili Kumi na Nne za Ambiyo

Siku ya kwanza kumwona Ambiyo ilikuwa Jumanne, mwaka wa 2006, huku Noonkopir, na alikuwa amekumbatia kompyuta. Aliibeba kifuani vile mama wa kwetu anavyobeba mwana-mbuzi aliyezaliwa malishoni. Nyuma yake alikuja kaka yake Yonis na skrini, akilalamika kwamba mikono inamwuma.

Mimi nilikuwa nimeinama nikipima maji ya betri. Kazi yangu ilikuwa kuchaji betri za gari kwa watu wa ploti ambao stima ilikuwa haijawafikia na walitaka kutazama habari jioni. Chumba cha upande wangu wa kushoto kilikuwa kitupu tangu Krismasi.

"Baba," Ambiyo aliniuliza, "huu ukuta wetu sisi wawili, stima yake ni yako ama ni yetu?"

Mimi ni mtu wa haya tangu utoto. Mtu akiniuliza jambo ghafla, jibu hunijia akiwa ameshaondoka. Nilionyesha mita kwa kidole.

"Haongei?" Ambiyo alimwuliza kaka yake.

"Anaongea na betri," Yonis akasema.

Achola, kinyozi wa chumba cha upande wangu wa kulia, alitoa kichwa nje na mashine ya kunyolea mkononi. "Huyo ni Baba Lorna. Ukitaka maneno kuja kwangu. Ukitaka stima uliza yeye."

Basi Ambiyo akaniita Baba Lorna tangu siku hiyo, na hakuwahi kuniita kwa jina lingine.

Baba yake alikuwa Mzee Burale, mnunuzi wa mbuzi aliyetoka Garissa na kukaa kwetu miaka mingi hata akawa anasalimia kwa lugha yetu, "Sopa!", kabla mtu hajamsalimia. Wanawe wa kiume walikuwa na duka la jumla barabarani. Ambiyo alikuwa na miaka kama thelathini, hajaolewa, na alikataa kukaa nyuma ya kaunta kupima sukari. Alikuwa amesomea kompyuta Nairobi, akanunua kamera ya video, na kazi aliyoichagua ilikuwa moja tu: harusi, upande wa wanawake.

Kwao, usiku wa wanawake hakuna mwanamume anayeingia. Wanawake huvua mitandio, hucheza, huimba, na bibi arusi hukaa katikati amepambwa. Kanda ya usiku huo haiwezi kuonwa na mwanamume, hata awe fundi. Kwa hivyo Ambiyo alipiga picha mwenyewe, akazikata na kuziunga mwenyewe kwenye kompyuta, akatia majina na maua na nyimbo, akatoa DVD na kuipeleka kwa mkono wake mpaka kwa mama wa bibi arusi. Mlangoni alitundika pazia zito la kijani, na juu ya pazia karatasi: WANAWAKE TU. Achola alimwuliza kama kuku jogoo anaruhusiwa. Ambiyo akasema jogoo aingie, asitoke.

Mzee Burale alimpa mwaka mmoja ajaribu. Mwaka ulipokwisha akamwongezea miezi. Yonis hakufurahi, kwa sababu alikitaka kile chumba kiwe stoo ya mchele.

Ambiyo alikuwa na tabia moja niliyoipenda kuitazama. Alihesabu kila kitu kwa pingili za mkono wa kushoto, vile mama yake alivyomfundisha kuhesabu tasbihi. Pingili tatu kila kidole, pingili mbili za kidole gumba. Mkono mmoja, kumi na nne. Alipitisha gumba kwenye pingili hata akiwa anazungumza mambo mengine.

Mwezi wa nane mwaka wa 2007 alipata harusi kubwa kuliko zote, ya msichana aliyeitwa Najah, huko Kajiado mjini. Nyanya ya Najah alikuwa amekuja kutoka Amerika, mguu wake mgonjwa, na kila mtu alijua hatarudi tena. Alikuwa anaondoka Jumapili ya pili baada ya harusi. Alimwambia Ambiyo, "Nipe huo usiku niende nao."

Kwa heshima ya harusi hiyo Ambiyo aliazima kamera mpya, ya picha pana. Alipozimimina zile picha kwenye kompyuta, programu yake ya zamani ikazikataa. Programu mpya nayo ilikataa kufunguka. Ilisema kompyuta haina kadi ya picha ya kutosha. Kadi ya picha ndiyo ile sehemu inayochora kila kitu unachokiona kwenye skrini. Kompyuta ya Ambiyo ilikuwa ya ofisi, ya mitumba kutoka ng'ambo, na haikuwa na kadi yake yenyewe. Ilikuwa inachora kwa kuazima.

Na kulikuwa na jambo baya zaidi. Kanda zake zilikuwa nne tu. Baada ya kumimina harusi ya Najah alizifuta na kuzitumia kwenye harusi nyingine Isinya. Usiku wa Najah ulikuwa umebaki mahali pamoja duniani, ndani ya diski ya ile kompyuta.

Yonis alikwenda Nairobi, akarudi Jumatatu na boksi lenye picha ya joka linalotema moto. Ndani mlikuwa na kadi ndefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi kiganja, yenye feni yake na plagi yake ya stima.

"Hii ndio baba yao," Yonis alisema. "Ukienda soko unachukua ndume kubwa, si ndama. Na dada, nisikize. Hii ikishindwa, Jumatatu ijayo naleta mchele. Mzee amesema sawa."

"Mzee amesema?"

"Amesema sawa."

Ambiyo aliingia ndani ya pazia. Nikasikia kompyuta ikiwaka, feni ikivuma kama upepo wa Julai, halafu kimya. Ikawaka tena. Kimya. Mara ya tatu aliinua pazia akasimama mlangoni.

"Baba Lorna, inazima. Naiwasha inakubali, nikifungua programu inazima. Kama mtu amekata waya."

"Usiiwashe tena," nilisema. Nadhani hiyo ndiyo ilikuwa sentensi yangu ya kwanza ndefu kwake.

Alitoa diski ya harusi kwa mkono wake, akaifunga kwa mtandio, akaiweka kwenye mkebe wa biskuti. Kisha akanitolea lile kasha hapo kibarazani likiwa wazi. Sikuwa nimewahi kuona ndani ya kompyuta. Lakini pembeni palikuwa na kisanduku cha chuma chenye feni, ndicho kinachopokea stima ya ukutani na kuigawa, na juu yake kulikuwa na kibandiko. Nilisoma. Volti 12, ampea 14, ndio wingi wa stima kinaoweza kuutoa. Nikashusha pumzi, maana volti kumi na mbili ni za betri ya gari, na hizo nimekaa nazo miaka ishirini. Nikachukua boksi la joka. Ubavuni, kwa maandishi madogo, lilisema kadi inataka mashine yenye ampea 26 kwenye volti 12.

Niliishia darasa la saba, ng'ombe wetu walipokufa kwa ukame. Darasa la saba linatosha kujua kwamba kumi na nne si ishirini na sita. Nikamwonyesha.

Ambiyo alitazama namba moja, akatazama nyingine, kisha akatazama mkono wake. Gumba likapita pingili zote mpaka ya mwisho.

"Hii ni mkono mmoja," alisema. "Na hiyo kadi inataka mikono karibu miwili."

"Ndiyo. Na hiyo kumi na nne si ya kadi peke yake. Kompyuta yenyewe inakula humo humo."

"Kwa hivyo kadi ikianza kazi, kisanduku kinajizima kisichomeke."

"Kinajiokoa," nikasema. "Ni kisanduku kizuri."

Yonis hakukubali. Siku ya pili alileta kisanduku kingine cha stima, kipya, kinang'aa, kimeandikwa WATI 500 kwa rangi nyekundu. Kile cha zamani kilikuwa cha wati 250. "Haya fundi wa betri," aliniambia, "hesabu hiyo. Mia tano si mara mbili?"

Mzee Burale alikuwa amekuja naye, ameketi kwenye kiti cha kungojea cha Achola na kofia yake magotini. Nilichukua kile cha zamani kwa mkono mmoja na kipya kwa mkono wa pili, nikavipima. Nilimpa mzee vyote viwili.

Sasa, mnunuzi wa mbuzi hasikilizi mwenye mbuzi. Huweka vidole mgongoni mwa mnyama, karibu na nyonga, akabonyeza, kisha humwinua kidogo kutoka chini. Mzee Burale alifanya hivyo maisha yake yote. Aliinua kisanduku cha zamani, akaguna. Akainua kile kipya, akakiteremsha, akakiinua tena.

"Hii imekonda," alisema.

Achola alipiga makofi. "Ngai! Mtoto wa Burale amenunua mbuzi kwa picha!"

"Wewe nyoa watu," Yonis akamwambia.

"Uzito si kitu," Yonis alimgeukia baba yake. "Aabo, hii ni teknolojia, si nyama."

"Basi tuone ikitembea," mzee akasema, akanitazama mimi.

Watu walikuwa wameanza kusimama, na nilitamani ardhi inimeze. Lakini mikono yangu haina haya. Nilileta balbu tatu za taa kubwa za gari, za wati 55 kila moja, zile ninazotumia kupimia betri inayodanganya. Betri inayodanganya huonyesha volti nzuri ikiwa imepumzika. Ipe taa iiwashe, ndipo utajua ukweli. Kwenye kisanduku cha stima kuna waya mmoja wa kijani. Ukiugusisha na mweusi, kinaamka bila kompyuta. Fundi mmoja wa redio alinionyesha zamani. Waya za njano ndizo zenye volti 12.

Nikaanza na kisanduku cha zamani. Balbu moja, nyeupe. Mbili, nyeupe. Tatu, zote nyeupe, na tukangoja mpaka Achola akamaliza kumnyoa mteja. Testa ilisoma volti kumi na mbili kasoro kidogo. Ambiyo alihesabu kwa sauti ya chini, balbu moja pingili nne na nusu, tatu zinakaribia kumi na nne.

"Kibandiko chake kinasema kweli," alisema.

Kisha kile cha maandishi mekundu. Balbu ya kwanza, nyeupe. Ya pili, zote mbili zikawa njano kama chai ya maziwa. Nilimtazama Yonis.

"Weka ya tatu," akasema. Nampa heshima yake kwa hilo.

Niliiweka. Zote zikawa nyekundu, kukasikika mlio kama wa mahindi ya kukaanga, na moshi mwembamba ukatoka kwenye matundu ya feni. Nikachomoa. Hakuna aliyecheka, hata Achola, kwa sababu kila mtu alikuwa anawaza jambo moja, kwamba moshi huo ungekuwa ndani ya kompyuta.

Ambiyo aliushika ule mkebe wa biskuti kwa mikono miwili. Kisha akamwambia kaka yake, si kwa hasira, "Yonis, walaal, rudisha hiyo joka kwa mwenyewe. Mimi nitaenda kununua ndama."

"Ndama ya saizi gani sasa?" Yonis aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiuliza kitu bila kujua jibu.

Wote wakanigeukia. Nilikuwa nimeshalifikiria usiku kucha. Nilisema tunahitaji kujua kompyuta inabakisha nini ikiwa kazini, si ikiwa imelala. Tuiwashe bila kadi, tuipe kazi ngumu kuliko zote, halafu tuiongezee balbu moja kwenye plagi iliyo wazi. Ikivumilia, basi ina nafasi ya kadi inayokula kama balbu moja. Ila tusitumie diski ya Najah.

"Niko na ile diski yangu ya kwanza," Ambiyo alisema. "Lakini iko na harusi za zamani."

"Harusi ni harusi," nikasema.

Basi tulifanya hivi. Aliingiza diski ya zamani, akafungua pazia na mlango wote ili watu wa nje watuone, akageuza skrini itazame ukuta wa ndani, na yeye akaketi mbele yake. Mimi niliketi nyuma ya skrini, mgongo kwenye meza, uso kwenye barabara, testa mapajani. Wengine wangeona ni adhabu. Mimi na haya zangu niliona ni kiti kilichotengenezewa mtu kama mimi.

"Naipatia harusi tatu pamoja," alisema. "Inahangaika sasa."

Nikaunga balbu. Volti zikashuka kidogo zikakaa. Tuliiacha nusu saa nzima. Ikavumilia.

"Ongeza ya pili."

Niliongeza. Kompyuta ikazima palepale, kama siku ile.

"Balbu moja," Ambiyo alisema nyuma yangu. "Wati hamsini na tano, tusivuke. Na tubakishe kidogo ya Mungu."

Alikwenda Nairobi Alhamisi na mama yake. Alinisimulia baadaye. Aliingia maduka manne, na kila duka walimwuliza anataka kadi ya kumbukumbu kubwa kiasi gani. Yeye akawauliza inakula wati ngapi. Katika duka la tatu kijana alimcheka: "Mathe, hii si fridge." Mama yake akamwambia kijana huyo kwamba hata fridge huulizwa inakula nini kabla haijaolewa kwenye nyumba. Duka la nne alikuwako mwanamume mmoja mnene asiyecheka, alifungua karatasi akazisoma, akamletea kadi fupi kama kiganja, isiyo na plagi ya ziada, inayokula stima ya lile tundu inamochomekwa tu. Karatasi ilisema haifiki wati arobaini na tano. Boksi lake halikuwa na joka.

Ijumaa asubuhi, kabla ya swala, tuliketi tena, yeye mbele ya skrini na mimi nyuma yake. Diski ya zamani kwanza. Programu mpya ikafunguka. Nilisikia pumzi yake. Volti kumi na mbili kasoro kidogo, hazikucheza. Akachomoa ile mashine ya pili ya kusoma DVD ambayo haikuwa na kazi, akasema kila mnyama asiyetoa maziwa asinywe maji siku hizi mbili. Kisha akafungua mkebe, akafungua mtandio, akaingiza usiku wa Najah.

Nilisikia ngoma, na wanawake wakiimba. Nilitazama barabara. Lori la mchanga lilipita likielekea Isinya, na mbuzi wa mtu walikuwa wanakula karatasi ya bei ya kunyoa ya Achola.

"Iko yote?" nilimwuliza.

"Iko yote."

Alifanya kazi mchana na usiku, na mimi nilizima chaja zangu wakati wa jioni, stima ya Noonkopir inapolegea, ili ukuta wetu sisi wawili uwe wake peke yake. Wenye betri walinung'unika. Achola aliwaambia nina malaria.

Jumapili asubuhi nyanya ya Najah aliletwa kwa gari akiwa njiani kwenda uwanja wa ndege. Aliingizwa ndani ya pazia la kijani akishikwa mikono, yeye na binti zake watano, wakatazama mwanzo tu wa DVD aliyokuja kuichukua, kwa sababu ndege haingoji. Sisi wanaume tulisimama nje, Mzee Burale, Yonis, Achola na mimi. Tulisikia vigelegele. Tulisikia bikizee akiimba peke yake, halafu akilia, halafu akicheka. Mzee Burale alivaa kofia yake.

"Yonis," alisema, "tafuta stoo nyingine."

"Nimesikia, aabo." Kisha Yonis akanigeukia na kunong'ona, "Fundi, na ile balbu zako unanunua wapi?"

Baada ya hapo Ambiyo hakukosa kazi. Wasichana wawili walikuja kujifunza kwake, na jambo la kwanza alilowafundisha lilikuwa kusoma kibandiko cha kisanduku cha stima, kabla hata ya kushika kamera. Kila alipotaka kuongeza kitu, diski au feni, aliniita, nami niliketi kwenye kiti changu uso barabarani, naye akihesabu pingili nyuma yangu. Kwa miaka miwili nilikaa karibu na harusi labda arobaini na sijaona hata moja. Nyimbo zake nazijua kwa moyo.

Mwaka wa 2009 aliolewa na mwalimu wa huko Kajiado mjini, na studio ikahamia huko. Harusi yake ilipigwa picha na wale wasichana wake. Miezi minne baadaye nilikuwa na safari ya Kajiado kupeleka betri, nikapita kumsalimia. Ninajua siku ile vizuri kwa sababu sikumwona tena. Kabla mwaka haujaisha mume wake alihamishwa mbali, namba yake ikawa haipatikani, na mimi si mtu wa kuuliza uliza.

Pazia lilikuwa lile lile la kijani. Kiti kilikuwa nyuma ya skrini, kimeelekea mlangoni, kama alijua nitakuja. Niliketi. Nilisikia feni ambayo siijui, nzito, na kwa pembe ya jicho nikaona kasha jipya, jeusi, refu hadi kwenye goti, na ndani yake kupitia matundu kadi ndefu kama ile ya joka. Nilitia mkono mfukoni. Huwa natembea na balbu moja na testa, hata kanisani.

Ambiyo aliweka kikombe cha chai ya iliki mbele yangu. Kisha akainyoosha mikono yote miwili pale nilipoweza kuiona, mkono wa kushoto na wa kulia, vidole wazi, na magumba yakapita pingili moja baada ya nyingine, upande huu na upande ule, ishirini na tatu, yakasimama.

"Toa mkono mfukoni, Baba Lorna," alisema. "Nilikiinua kisanduku kwanza, ni cha mikono miwili kamili, halafu nikahesabu, ndio nikanunua. Zimebaki tano. Wewe kunywa chai."